Vidole Vitano vya Chumvi ya Shaba

Majaribio ya kemia niliyajua kwa moyo kabla sijaona chupa hata moja ya kemia. Mpaka leo ninayajua. Niulize chumvi ya zinki inafanya nini ukiitilia dawa ya kwanza, nitakujibu: mashapo meupe, ukizidisha dawa yanayeyuka. Sikusomea mambo haya. Niliishia darasa la nne la wamisheni, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, maana mama yangu alijifungua mapacha nikatakiwa nyumbani. Niliyajua kwa sababu binti yangu aliyasema mbele yangu zaidi ya miezi miwili, kila siku, nami nimeshika daftari.

Huyo binti ni wangu wa pili. Mwaka wa Uhuru alikuwa anatambaa. Wenzangu walikwenda kwenye ngoma, mimi nikabaki naye kwa sababu alikuwa na kikohozi. Alikua mwembamba, mwenye maswali mengi, na alikuwa wa kwanza katika ukoo wa baba yake kufika kidato cha nne, ukihesabu wavulana na wasichana. Alisoma shule ya bweni Bukoba. Sisi tulikaa Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama watu wote. Alitaka kuwa daktari. Habari ya unesi hakutaka kusikia. Mgeni akiuliza, alijibu mwenyewe kwa heshima ya Kihaya kabla baba yake hajafungua mdomo: "Daktari, waitu." Baba yake alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa mikutano, na alikuwa ameshasema neno lake: akifaulu sayansi aende kidato cha tano, hata kama ni huko Tabora au Dar es Salaam. Asipofaulu atakwenda popote serikali itakapompeleka, na yeye baba asisikie tena habari ya udaktari nyumbani kwake. Kulikuwa na mtihani mmoja wa kumaliza. Mara ya pili haikuwepo.

Mwaka ule wa mwisho akaugua manjano.

Shule walituma ujumbe kwa dereva wa lori la kahawa. Nilipanda lori hilohilo kwenda kumchukua. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, macho kama yai bovu, mikono inamwasha, sanduku liko miguuni. Mwalimu wake wa kemia alitoka kuniona. Kijana tu, Mwislamu wa mjini, babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo mama," nikamwitikia. Akasema, "Mama, huyu ni mtoto wangu wa kwanza darasani. Sasa amepata ugonjwa wakati mbaya. Mwaka mzima tumekaa bila dawa za maabara, tunachora tu ubaoni. Wiki hii ndiyo zimefika kidogo. Wenzake wataanza majaribio ya chumvi, na yeye hatakuwepo."

"Atasoma nyumbani," nikasema.

"Nyumbani hakuna chumvi."

"Kuna daftari."

Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mzee wake. "Kemia ya mezani haikaririwi, mama. Inatazamwa. Mtihani wenyewe wanampa chumvi asiyoijua jina, aipime, aseme ni nini. Nakuomba jambo moja. Akipata nafuu, mlete wiki mbili kabla ya mtihani. Nitamwekea dawa kidogo kwenye kabati, nimpitishe mwenyewe. Siku tatu zinatosha."

Binti alikuwa amelala kichwa ukutani, hakusikia. Nilimjibu mwalimu kwamba nimeelewa. Moyoni nilisema, huyu amezaliwa juzi, ndevu hazijaota, ananifundisha namna ya kukariri.

Hapa lazima nieleze kwa nini nilisema hivyo, maana bila hilo mtu ataniona mjinga tu. Nami sikuwa mjinga.

Mimi nilipokuwa msichana, kubatizwa hakukuwa jambo la kumwagiwa maji ukarudi kwenu. Ulikwenda misheni, ukakaa huko miezi, ukalima, ukabeba matofali, na mchana ukakaa chini mbele ya katekista, mzee mwenye fimbo ya mti wa kahawa, ukakariri katekisimu. Swali na jibu. Swali na jibu. Siku ya mwisho padri mwenyewe alikuuliza. Mimi niliulizwa swali ambalo nililijua vizuri kabisa, nikajibu kwa maneno yangu. Maana ilikuwa ileile. Padri akamtazama katekista, katekista akainamisha kichwa, nikaambiwa nirudi msimu mwingine. Wenzangu walivaa nguo nyeupe Pasaka ile. Mimi nikabeba matofali miezi sita tena, na kila jioni katekista alinigonga vidole na kusema, "Maneno yenyewe, msichana. Nani amekuomba yako?" Mara ya pili nilisema maneno yenyewe nikabatizwa. Hilo ndilo somo nililolipata maishani mwangu na likanishika. Mtihani ni maneno yenyewe.

Basi tulirudi na lori, na kwenye sanduku lake kulikuwa na daftari la rafiki yake, amemnakilia majaribio yote kwa mwandiko mzuri.

Wiki tatu za kwanza hakuweza kitu. Watu walisema mwenye manjano anywe sukari. Sukari siku zile ilikuwa ya kupanga mstari duka la kijiji, robo kilo kwa nyumba, tena ikija. Nilipanga mstari tangu jogoo, na wanawake wenzangu waliniachia nafasi kwa sababu ya mgonjwa, ingawa mmoja alinong'ona kwa sauti ya kutosha nisikie, "Mke wa balozi hakosi mgonjwa sukari ikifika." Nilichukua robo yangu.

Wiki ya nne alipoanza kukaa wima, nikamwambia, "Leta daftari."

Alidhani natania. "Mama, ni Kiingereza."

"Herufi ni zilezile. Wewe sema, mimi nafuata kwa kidole. Ukiruka nitaona."

Tuliketi jikoni, yeye juu ya nyasi tulizotandika, mimi kwenye kigoda namenya ndizi, daftari juu ya goti limefunguliwa. Alisema mstari, nami nikasoma uleule herufi kwa herufi, kama Kiswahili. Mara ya kwanza nilipofungua mdomo alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama, usiyasome hivyo, utaniua."

"Cheka. Lakini umeruka neno hapa."

Akatazama. Kweli alikuwa ameruka. Akaacha kucheka.

Alinieleza kila kitu kwa Kiswahili ili nijue tunakokwenda, na nilielewa zaidi ya alivyodhani. Mashapo nayajua, kila anayetengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, anayajua, ni ule uchafu unaotuama chini. Dawa ya kwanza ilikuwa jamaa ya magadi makali ya kutengenezea sabuni. Dawa ya pili alisema inanuka kama mkojo wa ng'ombe wa siku tatu. "Basi hiyo ningeitambua hata nikiwa kipofu," nikamwambia, akacheka tena.

Nikampa njia ya vidole, kama tulivyofanya misheni. Kila chumvi ina vidole vitano. Kidole gumba: ukiitazama. Cha pili: ukiipasha moto. Cha kati: ukiitilia asidi. Cha nne: dawa ya kwanza. Cha mwisho: dawa ya pili. Anashika kidole, anasema, anakwenda kingine. Hakuna kusimama katikati. Ukisimama, unarudi gumba.

Chumvi ya shaba ilikuwa ya kwanza kwenye daftari, nayo ndiyo tuliyoishika kuliko zote. Gumba, ya kijani. Cha pili, inakuwa nyeusi. Cha kati, inachemka povu na kutoa hewa. Cha nne, mashapo ya buluu. Cha mwisho, buluu tena, ukizidisha inayeyuka na kuwa buluu nzito ya kupendeza. Aliisema asubuhi akichota maji, akaisema akipalilia maharage nguvu ziliporudi, akaisema mpaka wadogo zake wakaanza kuiimba wakirukaruka, wakimwita dada yao Bibi Shaba. Ukimwambia tu "kijani," mkono ulianza wenyewe.

Mbele huko kwenye daftari kulikuwa na kijani kingine, chumvi ya chuma. Hiyo tuliifikia mwishoni, na hakuijua sawasawa. Alikwama cha pili, alikwama cha nne. Nilimrudisha mwanzo wa daftari, kwenye shaba, kila alipokwama. Ndivyo katekista alivyotufanya sisi.

Siku moja alishika kidole cha nne cha shaba, akasimama hapo katikati. Akaniuliza, "Mama, na nikitia dawa ikatoka rangi nyingine?"

"Itatokaje rangi nyingine?"

"Sijui. Sijawahi kuitia. Pengine dawa ni ya zamani. Pengine chumvi si hiyo."

"Imeandikwa buluu?"

"Imeandikwa, lakini..."

Nilimgonga vidole kwa mgongo wa kisu cha kumenyea. Vidole vilevile vya kukariria. Macho yake yalikuwa bado yana unjano kwenye pembe. "Gumba," nikamwambia.

Akaanza upya. Hakuuliza tena.

Ulipobaki mwezi mmoja alikuwa ameshapona. Alianza kusema, "Mama, nirudi shule. Wenzangu wanafanya majaribio." Nikamwambia utarudi ukishajua daftari lote. Akasema pengine mwalimu angemsaidia. Nikasema mwalimu ana wanafunzi arobaini, ana kazi zake. Nilisema hivyo, nami nakumbuka kabisa maneno ya mwalimu: wiki mbili kabla, siku tatu zinatosha. Sikumwambia. Niliona nikimpeleka mapema ataanza kuchezea chupa, maneno yatamtoka. Baba yake aliuliza mara moja kama haijafika siku ya kumrudisha, nikamwambia mtoto bado anachoka. Alikuwa hachoki. Alikuwa analima kunishinda mimi.

Nilimpeleka siku moja kabla ya mtihani kuanza, maabara imeshafungwa kuandaliwa mtihani. Kwenye lori alikaa juu ya magunia, midomo inacheza, vidole vinashikana. Sikuwahi kujivunia mtoto kama siku ile.

Alirudi nyumbani mitihani ilipokwisha, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mwaka ule walishuka wengi, nyumba nzima ilikuwa imejaa mabawa. Tulikaa nyuma ya nyumba, mimi na yeye, tunanyonyoa. Niliona hasemi. Mtu aliyetoka mtihanini huwa hanyamazi, ama analia ama anajisifu. Nikamwuliza.

"Chumvi waliyokupa ilikuwa ipi?"

"Ya kijani."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. "Si unaona! Ukasema?"

"Niliandika yote, Mama. Gumba mpaka cha mwisho. Sikuwa hata nimewasha moto. Niliona kijani, mkono ukaandika, nikajikuta nimefika chini ya ukurasa. Kwa wino."

"Vizuri."

"Halafu nikaanza kuipima." Alikuwa ameshika senene mmoja tu, hamnyonyoi. "Nilipasha moto. Haikuwa nyeusi. Ikawa nyeupe, halafu nyekundu-nyekundu kama vumbi la barabara. Nikatia asidi. Haikuchemka. Nikasema nimekosea. Nikatia dawa ya kwanza. Mashapo yalikuwa ya kijani kichafu, kama mavi ya ng'ombe aliyekula majani mabichi. Nikamwaga. Nikatia tena. Yakawa yaleyale. Nikayaacha kwenye chupa, nikitazama huku yakigeuka kahawia juu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaacha kama nilivyoandika."

"Umeona kijani ukaandika buluu?"

"Wewe si ulisema..." Hakumaliza. Alinitazama, akatazama vidole vyake, akamtupa yule senene kwenye ungo akiwa mzima na mabawa yake.

"Nyonyoa," nikamwambia. "Wataharibika."

Tuliendelea kunyonyoa mpaka senene wakaisha.

Jumatatu yake nilikwenda mjini. Nilimwambia mume wangu nakwenda kumwona shangazi aliyelazwa. Nilibeba mkungu wa ndizi nikamtafuta yule mwalimu alikopanga, Rwamishenye. Mama yake alinikaribisha, akanipa kahawa. Mwalimu alipotoka akauona mkungu, akacheka. "Mama, umekuja kunihonga?"

"Ningekuja kukuhonga ningeleta mbuzi. Nimekuja kuuliza. Mtoto akiandika kitu kimoja kwenye mtihani, naye aliona kingine, hakuna mahali pa kusema?"

Akaacha kucheka. "Makaratasi yameshafungwa, mama. Yamekwenda Dar es Salaam." Akakaa kwenye kiti mbele yangu. "Aliandika nini?"

"Shaba."

Alishika kichwa. "Ilikuwa chuma. Chumvi ya chuma, mama, ndiyo rahisi kuliko zote. Wale wa mwisho darasani waliipata. Inajionyesha yenyewe. Unatia dawa, unangoja kidogo, inageuka mbele ya macho yako. Yeye hakuona?"

"Aliona."

"Sasa?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na birika, anatusikiliza. Mwalimu akanitazama vizuri. "Nilimwekea zile dawa. Zilikaa kwenye kabati mpaka siku ya mtihani. Hiyo chumvi ya chuma ilikuwamo, na ya shaba pia, angeziweka ubavu kwa ubavu akaona mara moja. Mbona hukumleta?"

"Alikuwa bado mgonjwa," nikasema.

Uongo ulitoka wenyewe. Mimi niliyewapiga watoto kwa uongo wa kipande cha ndizi. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema basi ni mapenzi ya Mungu, ugonjwa hauna adabu. Mama yake akanimiminia kahawa ya pili, akanipa pole. Niliinywa.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, mvua za masika zikikaribia. Barua ilipitia kwa mume wangu ofisi ya kijiji, akaifungua hukohuko mbele ya katibu. Alikuja nayo nyumbani na kaka yake na wazee wawili wa kamati, wakakaa sebuleni. Binti aliitwa, akapiga magoti kusalimia, akabaki hapo chini. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na kisu mkononi.

Baba yake alisoma. Amefaulu Kiswahili, amefaulu hesabu, amefaulu biolojia vizuri sana. Kemia amefeli. Kidato cha tano hakuchaguliwa. Amepangiwa ualimu wa shule za msingi.

"Kemia," kaka wa mume wangu akasema, "si ndiyo ile alikuwa anaiimba hapa mpaka na mbuzi wetu wakaijua?"

Wazee wakacheka. Mume wangu hakucheka. Alimwambia binti, "Miezi mitatu nilikuweka hapa. Umekula sukari ya kijiji kizima, mama yako amepanga mstari kama mjane. Jembe hukushika mpaka mwishoni. Nilidhani unasoma. Kumbe ulikuwa unapiga kelele."

"Taata, nilisoma."

"Ulisoma nini? Waliobaki shule walifaulu wakiwa na njaa. Wewe ulilala kwenye nyasi unakula. Ni uvivu huo. Mvivu hata akipewa kitabu cha dhahabu atakilalia."

Binti alinyanyua uso akanitazama. Hakusema, "Mama, mwambie." Alinitazama tu, kama anavyotazama mtu anayesubiri zamu yake duka la kijiji. Nilikuwa na nafasi kubwa ya kusema. Ningesema, mimi ndiye niliyemfundisha, mimi ndiye niliyemgonga alipouliza. Nikamwona kaka wa mume wangu, nikawaona wale wazee, nikaona itakavyosemwa kwenye mstari wa sukari kwamba mke wa balozi, darasa la nne, alijifanya mwalimu wa sekondari. Nikageuka nikarudi kumenya ndizi.

Kabla ya kwenda chuo cha ualimu alikwenda shuleni Bukoba kuchukua vyeti. Alirudi siku ya pili. Nilimwekea chakula. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kigoda changu akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu alinisubiri wiki mbili. Ameniuliza kama nilipona kabisa."

Nikasema, "Chakula kitapoa."

"Umemwambia nilikuwa mgonjwa."

"Kula."

Hakula kwangu siku ile, wala kesho yake. Baba yake alidhani bado ana hasira ya kufeli, akamwambia kiburi hakirudishi mtihani.

Alimaliza ualimu akapangiwa shule ya msingi Bumbire, kisiwani, watoto wa wavuvi. Wengi walikataa kwenda huko, wakatafuta ndugu ofisi ya elimu wahamishwe. Yeye hakukataa. Likizo za kwanza alikuja siku mbili, tatu. Baadaye alituma samaki wakavu kwa watu wa boti na salamu, yeye hakuja. Baba yake alisema kwa kila aliyemuuliza, "Yule? Yule tulimsomesha akalala." Alikuwa hasemi kwa ubaya. Ilikuwa imekuwa habari yake ya kawaida, kama vile watu wanavyosema fulani ana mguu mfupi. Alisema hivyo mbele yangu miaka yote. Aliisema kwenye harusi ya mdogo wa binti huyo, mbele ya watu wa upande wa pili, na mimi nilikuwa nagawa rubisi, nikaendelea kugawa.

Mume wangu aliugua tumbo mwaka ambao hata chumvi ya kula ilikuwa ya kutafuta. Alilala miezi miwili, akili ziko sawa mpaka wiki ya mwisho. Nilimwosha, nilimgeuza, tulizungumza mengi, kibanja nani achukue, deni la nani lisamehewe. Mara nyingi tulikuwa wawili tu. Siku moja alimtaja mwenyewe. Akasema, "Yule wa kisiwani, nilimtegemea sana yule." Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilikikamua, nikamfuta uso. Nikasema nitamtumia ujumbe aje. Alikufa kabla boti haijafika.

Binti alikuja akakuta tumeshazika. Alikaa siku zote za matanga, akafanya kazi zote, akapika, akalala chini na wanawake. Kwangu aliongea ya lazima: maji yako wapi, sufuria kubwa ni ya nani. Siku ya kuondoka alikuja jikoni amebeba mfuko wake. Alikuwa amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu hapa mbele, naye alikuwa bado kijana. Akakaa kwenye nyasi. Nilikuwa sijamwona akikaa pale tangu miaka ile.

"Mama, Baba alijua?"

Nilijua anauliza nini. "Hapana."

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni."

"Alinitaja?"

Ningeweza kumpa kitu hapo. Ningeweza kusema alikusifu, alikuomba radhi, mtu angeniamini, nani angebisha. Lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo wangu. Nikamwambia alivyosema: "Alisema alikutegemea sana."

Aliyapokea hayo, mikono iko mapajani. Nikasema, "Mwanangu, mimi ndiye..." Akanyanyua mkono kunizuia, bila ukali.

"Mimi nilikuwa najua, Mama. Wa kuambiwa alikuwa yeye."

Akainuka, akapangusa nyasi kwenye kanga. Nikachukua mfuko wake nimsindikize. Akaushika upande wa pili, akauvuta taratibu mpaka nikauachia.

"Boti inaondoka mwaloni saa nane," akasema. "Nitawahi peke yangu."